Kila Jike na Tabia Yake: Siku Tatu Milimani Mabamba

Barabara itokayo Kibondo mjini kuelekea magharibi huishia, kwa upande wa Tanzania, Mabamba. Mbele yake ni mpaka, na ng'ambo ya mpaka ni Burundi. Watu wa pande hizi mbili husikilizana bila mkalimani, kwa kuwa Kiha na Kirundi ni lugha ndugu. Siku ya soko utaisikia salamu ya Kirundi ya amashyo, ambayo maana yake ni kumtakia mwenzio makundi ya ng'ombe, akisalimiwa kwayo mtu aliyejitwisha mihogo na asiyemiliki hata mbuzi. Ndivyo ng'ombe alivyo katika nchi hii ya Buha: hata asiye naye huombewa awe naye.

Farasi hatuna. Misitu ya miombo iliyo chini ya milima yetu ni makao ya mbung'o, na vimelea vinavyoenezwa na mdudu huyo humwangamiza farasi upesi. Ni mdudu huyo huyo aletaye malale kwa binadamu, hata serikali ya kikoloni ikawahamisha watu wengi wa Buha katika miaka ya 1930 na kuwakusanya katika makazi mapya. Henry Morton Stanley, alipoondoka Bagamoyo mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, alikuwa na farasi wawili, mmoja wao zawadi ya Sayyid Barghash wa Zanzibar. Wote wawili walikufa kabla msafara haujafika mbali na pwani. Waliofika huku ni punda, na mmoja wao, aliyeitwa Simba, alinyakuliwa na mamba alipokuwa akivushwa Mto Malagarasi, mto ule ule unaoanzia Burundi na kuizunguka nchi yetu kabla ya kumwaga maji yake Ziwa Tanganyika.

Nayataja haya kwa sababu watoto wa madrasa yetu, kila tunapofika Suratul-Aadiyaat, huuliza habari za farasi ambaye hawajapata kumwona. Mmoja aliwahi kuniuliza kama farasi jike hukamwa. (Hukamwa, watu wa Asia ya Kati hunywa maziwa yake yaliyochachushwa.) Huwaeleza niliyoyasoma: kwamba Waarabu wa jangwani walihesabu nasaba ya farasi kwa upande wa mama, na kwamba katika mashambulizi ya ghafla walipenda kupanda majike kuliko madume, kwa kuwa jike aghalabu hunyamaza pale ambapo dume angelia na kuwafichua wapandaji wake. Katika makundi ya farasi wanaoishi porini, mara nyingi huwa ni jike mzee anayetangulia kwenda majini, na dume akafuata nyuma akilinda. Jike hubeba mimba miezi 11, na wafugaji wanajua kwamba aghalabu huzaa usiku, wakati watu wamekwisha kuondoka bandani. Kila jike, husema watu wa farasi, ana tabia yake, na asiyeijua hataishi naye kwa amani.

Haya yote kwangu yalikuwa ya vitabuni. Mwezi wa Mei uliopita kamati ya msikiti ilinituma mlimani kwa ajili ya mirathi, nikayaona kwa ng'ombe.

Marehemu, Allah amrehemu, alikuwa muumini wa msikiti wetu. Aliacha mke, wana wawili wa kiume na mabinti watatu. Baada ya gharama za maziko na kulipwa madeni, na baada ya shamba kugawanywa bila mzozo, walibaki ng'ombe wanane, wote majike. Msomaji aliyesoma mirathi ataona jinsi hesabu ilivyokaa. Mke aliye na watoto hupata thumni, yaani sehemu moja ya nane. Zinabaki saba: kila mwana wa kiume mbili, kila binti moja. Mbili na mbili na tatu ni saba. Ng'ombe wanane, mafungu manane. Mwana mkubwa, ambaye anafanya biashara Kibondo mjini, alikuwa amekwisha kuyaandika kwenye karatasi, kila ndama amfuate mama yake, na kwa maoni yake kilichobaki ni kupiga kura tu na kuomba dua.

Lakini sharia inagawa thamani, haigawi vichwa. Warithi watu wazima wakiridhiana wanaweza kugawana watakavyo, na hakuna wa kuwazuia. Tatizo ni kwamba binti mdogo ana miaka 10. Ridhaa yake haihesabiwi mpaka abaleghe, na anayemsimamia hana ruhusa ya kumpunguzia haki yake hata kwa nia njema. Ikiwa kura ingemwangukia ng'ombe dhaifu, dhambi ingekuwa yetu sisi tuliokaa pale na kusema amina. Kwa hiyo kamati iliamua ng'ombe wathaminiwe mmoja mmoja na mtu mwenye ujuzi. Familia yenyewe ilimtaja mzee mmoja mfugaji, jirani yao asiye na udugu nao, na pande zote zikamkubali. Mimi nilipewa kalamu. Ng'ombe wanane hawafikii nisabu ya zaka, ambayo kwa ng'ombe huanzia 30. Kwa mjane anayeamka kukama kila alfajiri, wanane ni riziki ya nyumba nzima.

Kutoka Mabamba hadi kwenye boma lile ni mwendo wa saa mbili kwa miguu. Njia hupita katikati ya mashamba ya maharage na mihogo, kisha miti ambayo mizinga ya nyuki imetundikwa matawini, kisha hupanda hadi miti inapopungua na nyasi kutawala. Huku juu ni zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Asubuhi ukungu hulala mabondeni kama maji, na ng'ombe husikika kabla ya kuonekana. Mfugaji wa Buha hapendi kushusha kundi lake miomboni bila sababu, kwa kuwa mbung'o wanamngoja huko. Malisho yake ni migongo hii ya milima.

Nilidhani kazi ingekwisha kabla ya adhuhuri. Nilimkuta mzee ameketi nje ya zizi, fimbo mapajani. Nilimwamkia, nikafungua daftari na kumwomba aanze na yule aliye karibu na lango. Hakusimama.

"Ng'ombe akiwa zizini ni nyama, Ustadhi," alisema. "Mnunuzi wa lori ndiye anayemwangalia zizini. Sisi tutakwenda nao malishoni."

Tulikwenda nao malishoni siku tatu.

Ni ng'ombe wa asili ya Ankole, wale wenye pembe ndefu wanaopatikana Kagera, kwetu Kigoma, na katika nchi jirani za Burundi, Rwanda na Uganda. Pembe zao zina uwazi ndani na mishipa mingi ya damu, na husaidia kuupoza mwili wakati wa jua. Maziwa yao si mengi. Mama wa nyumba akipata lita mbili kwa mkamo mmoja humshukuru Mola wake. Mzee aliwaita wengine kwa rangi zao, kama ilivyo desturi ya pande zote mbili za mpaka: Bihogo, mwenye rangi ya kahawia iliyokolea, Gitare, mweupe, Gaju, mwekundu uliofifia. Wengine hawakuwa na majina, ila kila mmoja alikuwa na sifa yake.

Kijana wa pili wa marehemu, ambaye ndiye mchungaji, aliondoa miti ya lango. Aliyetoka wa kwanza alikuwa Gitare, akiwasukuma wenzake kwa pembe. Ni ng'ombe mkubwa, mzuri wa kutazama, na nikaandika daftarini kwamba ndiye kiongozi. Gitare alisimama nje ya lango na hakuna aliyemfuata. Wenzake walibaki wametazama nyuma. Kisha Bihogo, mzee kuliko wote, mbavu zikihesabika, alitoka polepole, akainua pua upande wa upepo, akashika njia ya kusini. Wote wakamfuata, na Gitare akiwa miongoni mwao.

"Gitare anaogopwa," mzee alisema, akinionesha nifute nilichoandika. "Bihogo anafuatwa. Usichanganye."

Watu wa elimu ya mifugo nao wanaujua utofauti huu. Ng'ombe ana ngazi ya ubabe, inayoamua nani anywe kwanza na nani apishe kwenye chumvi. Na ana jambo jingine kabisa, la nani akiondoka wengine wataondoka. Aghalabu si mnyama mmoja aliye na vyote viwili.

Siku ile ile tuliliona hilo kwenye kijito. Mvua za masika zilikuwa ndiyo kwanza zimemalizika na maji yalikuwa bado mengi. Kijana aliwaelekeza kwenye kivuko chao cha siku zote. Bihogo alifika ukingoni, akanusa, akasimama. Kijana alipaza sauti, kisha akampiga fimbo mgongoni. Bihogo aligeuza masikio tu. Baadaye alipanda na kijito kama hatua mia moja, akavuka mahali penye mawe, na wote nyuma yake. Kijana, kwa ubishi wa umri wake, aliingia kivuko cha zamani ili atuoneshe kwamba panapitika. Maji yalimfika kifuani na ukingo wa upande wa pili ulikuwa umeliwa na mvua, umebaki wima kama ukuta. Alirudi kimya, amelowa, na mzee akafanya hisani ya kutocheka.

Nilipokuwa nimeketi upande wa pili nikisubiri kanzu yangu ikauke, nilimkumbuka Qaswaa, ngamia jike wa Mtume Muhammad (s.a.w.). Katika mwaka wa sita wa Hijra, msafara ulipokaribia Makka, alipiga magoti Hudaybiya na akakataa kuinuka. Watu wakasema Qaswaa amekuwa mkaidi. Mtume (s.a.w.) akamtetea: ukaidi si tabia yake, bali amezuiwa na Yule aliyemzuia tembo. Tumezoea kulisoma tukio hilo kwa ajili ya mkataba uliofuatia, na ni haki. Ila ndani yake mna jambo dogo ambalo hatulitazami sana: mpandaji alikuwa akiijua tabia ya mnyama wake kiasi cha kuweza kuitolea ushahidi mbele ya watu. Miaka sita kabla, siku ya kuingia Madina, kila ukoo ulipotaka kumshika hatamu, Mtume aliamuru aachwe aende kwa kuwa ameamrishwa; naye akaenda akapiga magoti kwenye kiwanja cha kuanikia tende cha mayatima wawili, ambapo msikiti ulijengwa. Simlinganishi ng'ombe wa Mabamba na mnyama aliyeamrishwa na Mola wake. Nasema tu kwamba kijana alipoinua fimbo mara ya pili, hakuwa na ushahidi wowote juu ya Bihogo isipokuwa ghadhabu yake.

Siku ya pili mwana mkubwa alifika kutoka Kibondo. Alikuwa na haraka, na haraka yake ilikuwa na sababu: alikuwa na mnunuzi. Alipoona mama yake amekwenda kisimani, alichukua kibuyu akaenda kumkama Gaju ili kumpunguzia kazi. Tendo jema. Gaju alisimama imara, hakupiga teke, hakutikisa hata mkia. Hakutoa maziwa. Ndama wake aliletwa, akanyonya kidogo, akaondolewa. Kikapatikana cha kulowesha sehemu ya chini ya kibuyu. Mjane aliporudi alitua ndoo, akamwekea Gaju mkono kiunoni, akamsemesha maneno ambayo sikuyasikia, na maziwa yakashuka kwa sauti kwenye kibuyu kile kile.

Hakuna uchawi hapa. Ng'ombe hushusha maziwa kwa kichocheo kinachotolewa mwilini akiwa ametulia, na hofu au mashaka hukizuia. Ng'ombe wetu wa asili wengi hutaka ndama awepo ubavuni ndipo washushe; Gaju alitaka ndama awepo, na mjane awepo. Wengine walikamwa na yeyote.

"Basi huyo," mwana mkubwa alisema, "sokoni bei yake ni sawa na ya wenzake."

"Sokoni, ndiyo," mzee alijibu. "Lakini mwanangu, ukinunua ng'ombe wa maziwa ukafika naye nyumbani hana maziwa, utasema umeuziwa nini?"

Nitawapita wengine upesi. Walikuwapo wawili waliolala daima sambamba, ubavu kwa ubavu, na mmoja akiinuka mwingine huinuka kabla ya pumzi tatu. Ng'ombe huinuka kwa miguu ya nyuma kwanza, kinyume na farasi anayeanza na ya mbele, na hawa wawili walikuwa wakiinuka kama watu wanaosujudu nyuma ya imamu mmoja. Alikuwapo ng'ombe kijana mwenye ndama wake wa kwanza, ambaye aliuogopa mwavuli wangu kuliko alivyomwogopa mbwa, na kila nilipoufungua alirusha mateke. Nilimaliza siku tatu nikiwa nimechomwa na jua. Na alikuwapo mtamba, binti yake Gaju, mkubwa karibu wa kupandishwa, ambaye bado alimfuata mama yake kutwa na kulambwa shingo kama ndama.

Wa nane ndiye aliyevuruga hesabu. Alikuwa na pembe moja iliyopinda kuelekea jicho, na kutwa alilisha peke yake, mbali na kundi, kwenye ukingo wa nyasi ndefu. Mzee alikuwa ameona tangu siku ya kwanza kwamba siku zake zimetimia. Ng'ombe hubeba miezi tisa na siku chache, na kiwele chake kilikuwa kimejaa. Jioni ya siku ya pili hesabu zizini ilikuwa saba.

Kijana alitaka kwenda kumtafuta na tochi. Mzee alimkataza. Alfajiri, baada ya sala, tulimkuta mwenye pembe iliyopinda anakula nyasi mahali pa wazi, tumbo limeshuka, ametulia kama asiye na habari. Ndama hakuonekana. Tulipoelekea kwenye vichaka vya kushoto, aliendelea kula. Tulipoelekea kulia, aliendelea kula. Tulipopanda mlima aliacha kula, akatutangulia kwa hatua za haraka kuelekea vichaka vya kushoto, akasimama huko akitazama chini na kulia kwa sauti ya mama.

"Hayupo huko," mzee alisema. Akaendelea kupanda.

Ndama alikuwa juu, amelala katika nyasi zilizomfunika, shingo imenyooshwa ardhini, hapepesi jicho. Hivyo ndivyo ng'ombe afanyavyo: humficha mtoto siku za mwanzo, akaenda kulisha mbali ili harufu yake isimfichue, akarudi kumnyonyesha. Farasi jike hafanyi hivyo. Mtoto wake husimama katika saa moja au mbili na kumfuata mama popote, kwa kuwa ulinzi wa farasi ni mbio. Ng'ombe mlezi bora humhadaa hata mwenye zizi. Nilikuwa nimesoma neno la Kiarabu la hila nikiwa chuoni katika milango ya biashara. Sikutegemea kulikuta nyasini.

Sasa walikuwa wanane na ndama mmoja aliyezaliwa baada ya mauti ya mwenye mali na kabla ya mgawanyo. Ndama wa namna hiyo ni ongezeko la mali ya urithi. Ni wa warithi wote kwa mafungu yao, wala si wa yule atakayepewa mama. Karatasi ya mwana mkubwa ilikuwa na mistari minane iliyonyooka. Aliikunja akaitia mfukoni.

Mchana wa siku ya tatu tuliketi chini ya mti. Mzee alitaja thamani ya mmoja baada ya mwingine, nami nikaandika. Gitare alikuwa wa juu kwa mnunuzi wa nyama, lakini alikuwa amepita miaka miwili bila kuzaa. Bihogo, kwa mizani ya nyama, alikuwa wa chini kuliko wote. Mzee alimweka wa pili.

Mwana mkubwa alikataa, na nasema kwa insafu kwamba hoja yake haikuwa ya kipuuzi. "Ustadhi, thamani katika sharia ni ya soko. Soko halijui tabia."

Nilimkubalia nusu. Thamani ni ya soko, ila soko ni la watu gani? Anayenunua wa kuchinja hupima nyama. Anayenunua wa kufuga, na wafugaji nao hununua, humuuliza muuzaji: anaongoza? anazaa? anakamwa na nani? anarudi mwenyewe? Hilo nalo ni soko, tena hapa milimani ndilo la zamani zaidi. Tukaafikiana kwamba ng'ombe atakayeuzwa athaminiwe kwa bei ya mnunuzi, na atakayebaki kundini athaminiwe kwa bei ya mfugaji, na kwamba fungu la mtoto lisipungue kwa mizani yoyote kati ya hizo mbili. Masharti hayo yalituchukua hadi alasiri.

Mjane hakuwa amesema neno tangu tuanze. Wote tulidhani atamtaka Bihogo. Alimtaka Gaju. "Bihogo huyu," alisema, "hata akiwa wa nani, mimi nitamfuata tu kama hao wengine." Watoto wake walicheka, na nadhani ndipo mambo yalipolainika.

Gaju na ndama wake wakawa wa mama. Mwana mkubwa alichukua Gitare na yule kijana mwenye mateke. Mwana wa pili alichukua Bihogo na mmoja wa wale wawili wasioachana. Mwenzake akawa wa dada aliyeolewa jirani, ambaye aliahidi kutomwondoa. Mtamba akawa wa dada aliyeolewa Kasulu, na kwa kuwa thamani yake ilikuwa ndogo kuliko thumni moja, mwana mkubwa alitakiwa kumlipa tofauti kutokana na bei ya Gitare. Mwenye pembe iliyopinda, pamoja na ndama wake, akawa wa binti mdogo, na ziada ya ndama ikakatwa kwa hesabu katika mafungu ya wakubwa kwa ridhaa yao. Ami yake atamsimamia, na daftari linakaa msikitini. Binti mwenyewe aliuliza swali moja tu: kama ataruhusiwa kwenda kumtafuta ndama mwenyewe akifichwa tena.

Jioni ile tulilitazama kundi likirudi. Katika Suratun-Nahl Mwenyezi Mungu anataja uzuri uliomo katika wanyama wanaporudishwa jioni na wanapopelekwa malishoni asubuhi, na wafasiri wameeleza kwa nini jioni imetangulizwa: wakati huo matumbo yamejaa, viwele vimejaa, na uzuri wao umetimia. Nilikuwa nikilijua hilo tangu mwaka wa pili wa chuo. Bihogo alikuwa mbele, Gitare akisukuma katikati, wale wawili sambamba, Gaju na binti yake, na nyuma kabisa, kwa umbali wake, mwenye pembe iliyopinda.

Nilirudi wiki tano baadaye kukusanya sahihi za malipo. Gitare alikuwa ameuzwa, na fedha za tofauti zilikuwa zimelipwa kamili. Kijana alinieleza kwamba baada ya Gitare kuondoka, kundi lilipigana kwenye chumvi karibu wiki nzima. Hawakuwa wakigombea chumvi, maana ilikuwa ya kutosha. Walikuwa wakitafuta nani achukue nafasi yake, na mwishowe ikachukuliwa na mmoja wa wale wawili sambamba. Hata hivyo bado wanalala pamoja. Yule mwenye kuogopa mwavuli yuko Kibondo mjini, na nasikia pikipiki nazo hazipendi.

Habari kubwa ilikuwa ya mtamba. Shemeji alikuwa amekuja kutoka Kasulu kumchukua, akamlaza usiku mmoja Mabamba kwa jamaa ili apakiwe asubuhi. Gaju alilia usiku kucha, na alfajiri hata mjane hakupata maziwa. Kulipopambazuka mtamba alikuwa amesimama nje ya lango la zizi, kamba ikining'inia shingoni, baada ya mwendo wa saa mbili gizani kwenye njia aliyoipita mara moja tu. Dada alipigiwa simu Kasulu. Akasema aachwe.

Zamani katika Buha, kama Burundi, kulikuwa na ubugabire: mwenye ng'ombe alimkabidhi mtu mwingine amtunze, na aliyepokea alipata maziwa na samadi huku akibaki na deni la utumishi kwa mwenye mali. Wengi walifungwa na ng'ombe mmoja maisha yao yote. Kwa hiyo karatasi tuliyoandika siku ile niliitazama mara tatu. Mtamba ni mali ya dada. Atakachozaa ni cha dada. Maziwa yake atakapozaa ni zawadi ya binti kwa mama yake, na mama hadaiwi kitu. Mashahidi wawili walitia sahihi, na mzee mfugaji, asiyejua kuandika, akaweka dole gumba.

Nilipomaliza kukausha wino, mtamba alikuwa amelala ubavuni mwa Gaju, wote wawili wakicheua. Mjane alikuwa akisuuza kibuyu.